Jina Moja, Nondo Wawili: Viwavijeshi katika Mashamba ya Fizi na Baraka

Viwavijeshi ni neno ambatani lililoundwa kwa nomino mbili, viwavi na jeshi. Hapo awali lilimtaja mdudu mmoja, yaani kiwavi wa nondo wa Kiafrika aitwaye kitaalamu Spodoptera exempta. Huyo hutokea kwa makundi makubwa, hula nyasi na nafaka, kisha hutoweka. Sitiari ya jeshi ilimfaa.

Mnamo 2016 nondo mwingine, Spodoptera frugiperda, mwenye asili ya nchi za joto za Amerika, aligunduliwa Afrika Magharibi. Huweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja. Kufikia mwanzo wa 2018 alikuwa ameripotiwa karibu katika nchi zote za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, Kongo ikiwemo. Kwa hiyo mahindi ya Fizi, tangu tambarare ya Baraka kando ya Ziwa Tanganyika hadi milimani, yamo katika eneo lake.

Mabawa yake yakinyoshwa, nondo huyu ana upana wa milimita 32 hadi 40. Mabawa ya mbele ya dume ni ya kijivu na kahawia, yenye doa jeupe karibu na ncha. Ya jike hayana alama bayana. Mabawa ya nyuma ya wote wawili hung'aa kama fedha. Kwa kuwa huruka usiku, mkulima humtambua zaidi kwa kiwavi wake: kichwani ana alama ya herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mwisho wa mwili ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba.

Mgeni huyu alirithi jina la mwenyeji, na hapo ndipo penye hatari. Asikiaye "jeshi" hungoja kundi. Kumbe kiwavi huyu hujificha ndani ya majani machanga yaliyojikunja, mara nyingi mmoja kwa kila mhindi, kwani wakubwa hulana. Wala hatoweki: penye joto, kizazi kipya hukamilika kwa siku 30 hivi. Mayai, 100 hadi 200 kwa fungu, huanguliwa baada ya siku chache tu, na hizo ndizo siku za kuyaponda kwa mkono.

Nchini Tanzania kivumishi kimeongezwa: viwavijeshi vamizi. Istilahi hiyo yastahili kutumiwa pia katika redio na shule za Fizi na Baraka, ili mkulima akague majani mapema, asingoje jeshi lisilokuja.