Kilo 150 za Februari

Februari ni mwezi mgumu Mbinga. Mikahawa bado ina punje za kijani, palizi na mbolea vinadai fedha, na mahindi ya mwaka jana yanaelekea kwisha. Ndipo magoma yanapoingia vijijini. Mwenye fedha anatoa leo, na mavuno yakifika analipwa kahawa, kwa bei waliyopatana ikiwa ingali mtini. Kagera mtindo huo unaitwa butura. Viongozi wa serikali wameukemea sana, lakini kemeo halinunui mbolea. Anayeongoza kikundi cha wakulima aanze kwa kuupigia hesabu.

Nitatumia bei za mfano. Kila kikundi kiweke za kwake. Mwanachama anachukua shilingi 300,000 Februari, alipe Julai kwa shilingi 2,000 kila kilo ya kahawa kavu yenye ganda la ndani. Anadaiwa kilo 150. Kama chama cha msingi kinalipa 5,000 kwa kilo, kahawa hiyo ingempa 750,000. Kwa hiyo kukaa na 300,000 kwa miezi 5 kumemgharimu 450,000, yaani asilimia 30 kila mwezi. SACCOS inayotoza asilimia 2 kwa mwezi ingechukua 30,000. Tofauti ni 420,000, sawa na kilo 84 za kahawa kavu. Kilo 1 kavu hutoka kwenye takriban kilo 5 za mbivu, basi hizo ni kilo 420 zilizochumwa kwa mkono kwenye miteremko ya Umatengo, huko Mbinga. Inauma, na inastahili kuuma.

Tumtendee haki mkopeshaji pia. Bei ikianguka hadi 2,000, hapati faida yoyote, na mdaiwa akikwepa hana pa kumshika. Lakini hata kwa bei ya 3,000, mkulima bado analipa asilimia 10 kwa mwezi. Anakubali kwa sababu Februari hana mlango mwingine wa kugonga.

Wengi huona hilo ni shida ya mkopaji na nyumba yake. Mimi sioni hivyo. Chukua kikundi cha watu 30 chenye mtambo wa kumenyea kahawa, ule tunaouita sipiyu. Kila mmoja huleta kahawa ya kutoa kilo 250 kavu, jumla kilo 7,500. Mlinzi, fundi na matengenezo ni shilingi 1,800,000 kwa msimu, kahawa iwe nyingi au kidogo. Hapo kila kilo inabeba 240. Sasa wanachama 10 wakiwa na magoma ya 300,000 kila mmoja, kilo 1,500 zinaishia kwa wakopeshaji bila kupita mtamboni. Zinabaki 6,000, na kila kilo inabeba 300. Yule mama aliyebana matumizi asikope hata senti anapoteza 60 kwa kila kilo, jumla 15,000. Kilo zikishuka hadi 3,000, mzigo ni 600 kwa kilo, na watu wanaanza kusema mtambo ni hasara, wakati mtambo ni uleule.

Mahitaji ya Februari ya watu hao 10 ni shilingi 3,000,000. Kikundi kikikata 400 kwa kila kilo malipo yanapotoka, kilo 7,500 zinatoa 3,000,000 kamili. Ni asilimia 8 ya bei, na kila mtu akiba yake inabaki kwa jina lake. Makato hayo yaamuliwe Agosti, fedha zikiwa mkononi. Kikao cha Februari huwa cha kulaumiana tu.

Ukiteremka kilomita 66 za lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, unakuta kalenda nyingine ya fedha. Usipi wa Ziwa Nyasa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mbalamwezi ikikaza, kazi inapungua. Mfanyabiashara wa usipi hupata na kukosa ndani ya mwezi mmoja, hivyo akikosea hesabu ana giza lijalo la kujirekebisha. Mwenye kahawa hungoja mwaka mzima. Ndiyo maana kwake akiba ni gharama ya uzalishaji, kama mbolea.

Nani ashike fedha hizo za akiba? Wamatengo walikuwa na sengu, watu wa ukoo wakila pamoja na kujadili kazi na ugomvi wao hapohapo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kijiji cha Kindimba kilipojengewa mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa maji, katika mradi wa Chuo Kikuu cha Sokoine na JICA, kamati yake iliitwa Sengu. Napenda uteuzi huo wa jina. Daftari la kikundi nalo lisomwe hivyo, kwa sauti, mbele ya wote: kilo zilizoingia, gharama kwa kilo, nani anadaiwa.

Mwaka wa kwanza wanachama huenda wakakubali 200 tu kwa kilo. Zitapatikana 1,500,000, za kuwatosha watu 5 kati ya 10. Mbolea na palizi vitangulie, kwa kuwa vinarudi na kahawa, harusi ingoje. Na kwenye orodha ya hao 5, jina la mwenyekiti na la mweka hazina yasiwemo mwaka huo.