Ganda la Risasi si Takataka

Tuzungumzapo juu ya bunduki za Tarime, hatuna budi kukumbuka vita vya 1978 na 1979 dhidi ya majeshi ya Iddi Amin, na silaha zilizoletwa nyumbani kwa siri baadaye, zikaugeuza wizi wa ng'ombe kuwa mapigano ya risasi. Lakini bunduki huishi miongo mingi, risasi huisha. Bila risasi, bunduki ni gongo tu, tena zito.

Hapo ndipo ganda lipatapo thamani. Baruti na fataki huungua, kichwa huenda zake, ganda la shaba hubaki. Wawindaji wa Marekani hulijaza upya kwa mashine ndogo ya mkono na mizani, wakaokoa fedha. Mizani ndiyo roho ya kazi hiyo: baruti ikizidi, bunduki humpasukia mwenyewe usoni. Atakayekadiria kwa kijiko huko Matongo hafanyi uchumi, na sheria ya 2015 ya kudhibiti silaha na risasi inamngoja.

Ndugu zetu wa visiwani wasidhani jambo hili la bara tu. Wavuvi wa Ziwa Victoria wamekwisha kuporwa injini kwa mtutu. Kwa hiyo twawaomba watendaji wa kata na polisi, wapokeapo bunduki zinazosalimishwa, wadai na maganda yake.