Dawa ya Akili na Shingo Iliyopinda

Siku ya pili au ya tatu baada ya kuanza haloperidol, shingo ya kijana inapinda upande mmoja na kukakamaa. Macho yanageuka juu, ulimi unakuwa mzito. Majirani katika ploti wanasema mapepo yamepanda. Mama anaona dawa inamuulia mtoto, anavitupa vidonge. Wiki kadhaa zikipita, sauti zinarudi na kijana anapelekwa tena hospitali ya akili ya Mathari, safari hii amefungwa kamba. Mkasa huu unawapata watu wa mitaa ya Nairobi kama Kayole, Dandora, Huruma na Umoja, na unaniuma kwa sababu unazuilika. Anayeielewa kemikali moja tu, dopamini, hatavitupa vidonge vile.

Ubongo una seli za neva takriban bilioni 86. Kati ya seli na seli huwa kuna mwanya mwembamba mno uitwao sinapsi. Ujumbe ukifika ukingoni, seli humwaga kemikali mwanyani, nazo hupokelewa na vipokezi vya seli ya pili. Dopamini ni mojawapo. Seli zinazoitengeneza ni chache, nyingi zikiwa ndani kabisa, sehemu ya juu ya shina la ubongo, lakini nyuzi zake hufika mbali kwa njia kadhaa. Mbili ndizo zinazotuhusu.

Njia ya kwanza huuambia ubongo jambo lipi lina uzito na lipi la kupuuzwa. Dopamini ikifurika huko, hata lisilo na maana linakuwa na maana. Matatu inapiga honi Donholm, naye mgonjwa anaamini ameitwa yeye. Mtangazaji wa redio anamsema yeye. Kisha anasikia watu wasiokuwepo wakibishana juu yake. Hiyo ndiyo saikosisi. Ni dalili, na chanzo chake chaweza kuwa skizofrenia, bipola, malaria iliyopanda kichwani au bangi. Muguka na miraa zina kathinoni, inayoongeza dopamini kwenye sinapsi. Kijana aliyewahi kuugua saikosisi na aachane nazo kabisa, hata kama marafiki zake wote wanazitafuna bila kudhurika.

Njia ya pili huendesha misuli. Seli zake zikifa, mtu hupata ugonjwa wa Parkinson: mikono hutetemeka, mwili hukakamaa, hatua huwa fupi.

Mwaka 1952, Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, waliona klorpromazini ikiwatuliza wagonjwa wa saikosisi. Baadaye ilijulikana kwamba dawa za aina hiyo hukalia vipokezi vya dopamini bila kuviamsha, kama matatu iliyoharibika stejini: haibebi abiria, na nyingine haipati nafasi. Lakini kidonge kikishamezwa hakichagui njia. Kinatuliza sauti, na papo hapo kinaweza kuvuruga misuli. Shingo ikapinda. Vijana wa kiume ndio hupatwa zaidi, hasa siku za mwanzo. Wengine hushindwa kuketi, wakazunguka chumba usiku kucha, na watu wa nyumbani wakadhani ugonjwa umezidi.

Haya ni ya ubongo wa kila binadamu. Si wote waliokubali hivyo: J. C. Carothers, daktari aliyesimamia Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, aliandika katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Ulikuwa ubaguzi uliovikwa koti la daktari. Vipokezi vya mtu wa Paris na vya mtu wa Kariobangi havina tofauti ya namna hiyo.

Basi, mzazi, shingo ikipinda mpeleke mgonjwa hospitali saa hiyo hiyo, ukiwa na pakiti ya dawa mkononi. Koo likikaza au pumzi ikiwa ya shida, hiyo ni dharura ya kufa na kupona. Kuna sindano inayoilegeza misuli, mara nyingi kabla ya saa moja kwisha, na kuna vidonge vya benzhexol vya kuzuia hali hiyo isijirudie. Daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Olanzapine, kwa mfano, haipindishi shingo mara nyingi, ingawa huongeza uzito na sukari mwilini, kwa hiyo hudai kupimwa mara kwa mara. Uamuzi wa kuacha dawa ufanyeni pamoja na daktari, na kabla mgonjwa hajatoka wodini mwulizeni daktari: dawa hii itamfanya nini, na usiku tukimwona hivyo tumpeleke wapi?