Wenzetu wa Chuo Wako Wapi? Pima Kweli na Si Kweli

Kila Desemba, mabasi ya kuja Kagera yanapoanza kujaa, swali moja huzunguka Bukoba mjini na Muleba: fulani tuliyesoma naye chuo yuko wapi siku hizi? Majibu hayakosekani. Ubaya ni kwamba mengi ni ya kukisia, na makisio hayo huwaumiza watu wasiokuwepo kujitetea. Tuyapime machache.

"Aliyeondoka amefanikiwa, aliyebaki ameshindwa."
SI KWELI. Mwalimu anayefundisha Kamachumu, mwenye kibanja cha migomba na kahawa, anakula ndizi ambazo hakununua na analala nyumbani kwake. Mwenzake wa Dar es Salaam anapendeza kwenye picha, lakini mara nyingi mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Tena kama alisoma shahada kwa fedha za Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hukatwa kabla haujamfikia. Kabla ya sheria kurekebishwa mwaka 2016, makato hayo yalikuwa asilimia 8. Huenda wote wawili wanaishi vizuri, huenda wote wana shida. Jina la mji halitakuambia.

"Aliyenyamaza kwenye grupu anaringa."
MARA NYINGI SI KWELI. Tazama orodha ya michango inavyobandikwa WhatsApp: namba, jina, ahadi, kiasi kilichotolewa. Chini yake mhazini anaandika, "Ndugu zangu, siku zimebaki chache." Asiye na kipato analiona jina lake limeachwa wazi kwenye harusi ya kwanza, kisha ya pili, kisha kwenye msiba. Mwishowe anaona heri ajitoe kimyakimya. Sisi tunasema ametudharau.

Tukumbuke pia historia ya karibuni. Juni 2016 serikali ilisitisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa. Waliohitimu ualimu miaka ile, wakiwemo wa vyuo vya mkoani kwetu, walijikuta wakisubiri nyumbani na vyeti vyao. Wapo walioingia kwenye bodaboda, wapo waliofungua genge, wapo waliokwenda visiwani kwenye dagaa. Hizo ni kazi halali. Kinachowanyamazisha ni hofu ya kuulizwa, "Kumbe hukupata kazi?"

"Aliyetoka kazini ghafla alikutwa na cheti feki."
SI LAZIMA. Uvumi huu ulishika kasi Aprili 2017, ripoti ya uhakiki ilipotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Lakini ripoti hiyohiyo ilikuwa na kundi jingine: vyeti vyenye utata, ambapo cheti kimoja kilikuwa kikitumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Maana yake mwenye cheti halali naye aliweza kuingia kwenye mashaka kwa kosa la mwizi wa jina lake. Zaidi ya hapo, watu huacha kazi kwa ugonjwa, kwa kuuguza mzazi, au kwa kupata shughuli nyingine. Kama huijui sababu yake, usimtungie.

"Urafiki wa chuo huisha na chuo."
SI KWELI. Julius Nyerere alisoma Makerere kati ya 1943 na 1945. Huko alikuwa pamoja na Andrew Tibandebage, mwana wa Kagera, na Hamza Mwapachu wa Tanga, na walishirikiana kuanzisha chama cha kutetea maslahi ya Waafrika wa Tanganyika. Baadaye Nyerere na Tibandebage walikuwa walimu pamoja Tabora, katika shule ya St. Mary's. Urafiki wa aina hiyo uliendelea kwa sababu wenyewe walikuwa na jambo la kufanya pamoja. Vivyo hivyo, darasa lenye mfuko wake wa kusomesha mtoto wa marehemu mmoja wao halitasambaratika upesi.

"Tunaonana misibani, inatosha."
SI KWELI. Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilipobomoa nyumba Bukoba na kuharibu vibaya shule za Ihungo na Nyakato, simu zilipigwa kutoka kila upande: "Mko salama?" Ilikuwa vema. Lakini msibani hakuna nafasi ya kumuuliza mtu anaishije. Unampa pole, unatoa rambirambi, unaondoka. Aliyehitaji ushauri juu ya mkopo wake au tiba yake anaondoka na shida yake moyoni.

"Desemba ndiyo saa ya kuonana."
KWELI, kwa sehemu. Wengi wanakuja, senene wapo, na nyumbani kuna ndizi za kutosha. Ila nauli ni kubwa na Januari kuna ada za shule, hivyo wanaoshindwa kuja mara nyingi ni walewale wenye hali ngumu. Mkutano wa Desemba hukusanya waliojaliwa, na picha yake hudanganya kwamba darasa zima lipo vizuri. Na mkikutana, acheni kuanza na "Una watoto wangapi?" Hujui nani amezika, nani anahangaika hospitalini. Muulize anafanya nini na unaweza kumsaidia wapi.

Basi mwaka huu, kabla ya kupanga ukumbi na vinywaji, fungueni orodha ya darasa na muweke alama kwa kila jina la mtu ambaye hakuna aliyezungumza naye tangu mwaka jana. Gawaneni majina hayo, kila mtu apige simu moja. Asiyepatikana kwa simu, aliye karibu na kijiji chake amfuate. Mchango wa fedha usubiri kwanza. Mwenzenu anahitaji kujua kwamba jina lake bado lipo.