BWANA KAMOYA KIMEU, FUNDI WA MIFUPA YA KALE

Watu wengi hudhani ya kuwa elimu ya viumbe vya kale ni ya wenye shahada peke yao. Maisha ya marehemu Bwana Kamoya Kimeu wa Ukambani yaonyesha kwamba sivyo.

Alizaliwa karibu na mwaka 1938. Alisoma miaka michache tu, akachunga mbuzi, kisha akafanya kazi katika shamba la ng'ombe wa maziwa. Mwaka 1960 aliajiriwa kuchimba mifupa huko Olduvai, Tanganyika, pamoja na Dakta Leakey na mkewe. Kazi hiyo iliwatisha wengi, kwa maana waliiona kama kufukua makaburi. Lakini mifupa ile imekaa ardhini muda mrefu hata imegeuka mawe.

Kazi hiyo yataka ustadi wa namna nyingi. Kwanza ni jicho: mtu hutembea polepole akitazama chini, kama mchungaji afuataye nyayo, apate kupambanua mfupa na jiwe. Pili ni mkono: udongo huondolewa kwa brashi na kuchekechwa, na vipande huunganishwa kama vigae vya chungu kilichovunjika. Tatu ni kuongoza watu: Bwana Kimeu alikuwa mkuu wa kundi la watafutaji huko Turkana, akawafundisha wengine.

Mwezi wa Agosti 1984, siku ya mapumziko, karibu na mto Nariokotome, aliona kipande cha fuvu, kidogo kama kibiriti, chenye rangi ya mawe yaliyokizunguka. Hapo pakachimbwa, ikapatikana sehemu kubwa ya mifupa ya mvulana aliyeishi yapata miaka 1,500,000 iliyopita. Mwaka 1985 Rais Reagan wa Marekani alimkabidhi Bwana Kimeu nishani, na mwaka 2021 chuo kikuu kimoja cha Marekani kilimpa shahada ya heshima ya udaktari. Alifariki mwaka 2022.

Huku Shieywe na Kakamega yote watu huchimba dhahabu, visima na udongo wa matofali. Jembe likigonga mfupa mzito kama jiwe, au chombo cha kale, kisivunjwe wala kuuzwa. Kwa sheria ya mwaka 2006, akionaye yampasa kutoa habari kwa wakuu wa Makumbusho ya Taifa. Kipande kidogo kikitupwa, habari zake hupotea milele.