Safari ya Saadani ianze na majina



Muulize Mkristo wa parokia zetu ni safari gani amewahi kufanya na wanajumuiya wenzake. Atakutajia hija, misiba, harusi na mikesha. Mbuga ya wanyama haimo. "Padre, kule ni kwa Wazungu," ndivyo ninavyojibiwa kila nikigusia. Leo nataka nikushawishi uende Saadani, na nikuombe uanze kuipanga safari hiyo mapema, kwa sababu mimi nimeikosea mara mbili.

Saadani ni hifadhi ya taifa pekee nchini kwetu ambako pori la wanyama linafika hadi Bahari ya Hindi. Iko kati ya Bagamoyo na Pangani, ina zaidi ya kilomita za mraba 1,000, na ilipewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2005. Tembo, simba, twiga na nyati wamo. Mto Wami una viboko na mamba, na kwenye ufukwe wa Madete kasa hupanda kutoka baharini kutaga mayai mchangani. Unayesali Zaburi ya 104 unajua kwamba simba wanaomtazamia Mungu kwa chakula chao wametajwa mistari michache tu kabla ya bahari na viumbe wake. Nilikuwa nikiusali mfuatano huo tangu seminari bila kuuona kwa macho.

Kosa langu la kwanza lilikuwa tarehe. Nilichagua Jumamosi baada ya Pasaka, kwa kuwa watu walikuwa na furaha na mimi nilikuwa nimechoka. Msomaji wa Pwani ameshacheka: huo ni mwezi wa masika. Tulitoka na Coaster mbili kupitia Chalinze hadi Mandera, tukaacha lami. Kutoka hapo hadi Saadani ni kama kilomita 60 za udongo, na sehemu nyingine ni ule udongo mweusi ambao ukilowa unashika gurudumu na haliachii. Tulipita Miono tukiimba. Saa nne asubuhi gari la kwanza lilizama, nyimbo zikakoma. Wanaume wa kijiji jirani walikuja na majembe, wengi wao Waislamu, wakatusukuma hadi alasiri bila kutaja malipo. Tulirudi nyumbani usiku. Mnyama tuliyemwona ni nyani.

Injili ya Luka, sura ya 14, inamtaja mjenzi wa mnara ambaye hakukaa kwanza kupiga hesabu. Nimeihubiri sehemu hiyo mara nyingi kwa watu wanaojenga nyumba. Siku ile niliisikia nikiwa na matope hadi magotini.

Kwa hiyo mwaka uliofuata nilipiga hesabu. Tulichagua sikukuu ya Nane Nane, wakati wa kiangazi, nchi ikiwa kavu. Dereva alikwenda kwanza kuikagua njia. Tulijaza mafuta Chalinze, tukabeba maji na chakula chetu. Kila mtu alichukua kitambulisho cha taifa, maana raia analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, lakini lazima athibitishe uraia wake. Malipo si ya fedha mkononi: unapewa namba ya malipo, unalipa kwa benki au kwa simu. Limalize jambo hilo ukiwa bado mjini, kwa sababu mtandao wa simu huko porini ni wa kubahatisha. Mchango wetu ulikuwa shilingi 45,000 kwa kila mtu, usafiri na chakula humo humo. Viti vilijaa. Tembo tuliwaona, tukakaa ufukweni kimya kwa muda mrefu, jambo nisiloweza kulipata kwenye mafungo ya kiroho. Nilirudi nikijisifu.

Wiki moja baadaye nilikuwa sakristia na katekista wetu, mzee mtulivu ambaye nimefanya naye kazi miaka kumi na moja. Siku ya safari alisema atabaki kulinda kanisa. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Alipofika kwenye picha ya tambarare pana upande wa Mkwaja, akaisogeza karibu na macho.

"Hapa palikuwa na ranchi, Padre. Ng'ombe walipitishwa kwenye josho hapa karibu. Baba yangu alikuwa mchungaji wao."

Ni kweli. Mkwaja ilikuwa ranchi kubwa iliyofugia nyama ya wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, na ilipofungwa ardhi yake ikaingizwa kwenye hifadhi. Alinieleza jinsi mbung'o walivyowatesa wale ng'ombe. Mimi nikamwambia kwamba hata wamisionari wa Kiprotestanti waliotua Saadani miaka ya 1870 walijaribu kwenda bara kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, na ng'ombe wakawafia. Hakushangaa hata kidogo.

Nikamuuliza kwa nini basi hakuja nasi.

"Padre, elfu arobaini na tano."

Akaendelea kukunja vitambaa vya altare.

Katika watu wote wa parokia, yeye peke yake alikuwa na jambo la kutueleza kuhusu mahali pale, na mimi ndiye niliyemwacha nyumbani, kwa hesabu nzuri kabisa isiyo na kosa la hata senti moja. Nilirudi ofisini nikaitazama orodha ya waliosafiri. Mama anayefagia kanisa hakuwemo. Wajane wawili wa jumuiya iliyo jirani na parokia hawakuwemo. Hakuna aliyelalamika, kila mmoja alikuwa ameaga kwa sababu ya heshima: mgeni, mafua, kuku wa kuangalia.

Mwaka huu tunakwenda tena Nane Nane. Tumeandika majina kwanza, fedha baadaye. Viongozi wa jumuiya wanapita nyumba kwa nyumba, na mchango unaingia kwenye bahasha isiyo na jina, kila mtu kwa kadiri yake, mhasibu asijue nani kaweka ngapi. Ukipanga safari ya jumuiya yako, jaribu njia hiyo. Sijui kama fedha zitatosha. Hadi sasa zimepungua nauli za watu sita, na paroko amepewa siku kumi azitafute.

Kiti cha mbele, pembeni ya dereva, ni cha katekista. Ameshatoa agizo lake: nguo nyeusi na za bluu zibaki nyumbani, kwa sababu zinawavuta mbung'o. Masista wetu wawili, ambao kanzu zao ni za bluu, wameomba muda wa kutafakari.