Je, Wajua? Nyota Benchi, Mchezo Unaendelea

Machi 2016, katika mashindano ya kikapu ya wanawake wa vyuo vikuu Marekani, UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) ilikwenda mapumziko ikiwa na pointi 61. Mississippi State walikuwa na 12 tu! Mchezo uliisha 98 kwa 38.

Hata tofauti ikifika pointi 50, hakuna kanuni ya vyuo inayomaliza mchezo mapema. Dakika 40 huchezwa. Kinachobadilika ni nani yuko uwanjani.

Kocha anaweza kumtoa nyota na kumrudisha mara nyingi apendavyo, tofauti na soka. Lakini benchi lina gharama. Orodha ya wafungaji bora hupangwa kwa wastani wa pointi kwa kila mchezo, si kwa kila dakika. Nyota wa timu kali hukosa pointi za bure akiwa amekaa, na hilo si haki kwake.

Asipotolewa je? Mwaka 1990, Lisa Leslie, akiwa bado sekondari huko California, alifunga pointi 101 katika nusu ya kwanza pekee. Timu yake nzima ilikuwa na 102. Wapinzani walikataa kurudi uwanjani, na rekodi ya sekondari ya Cheryl Miller ya pointi 105 katika mchezo mmoja, ya mwaka 1982, ikanusurika.